Ushauri: Mama jirani amefiwa, ana deni la kikoba, anasema hawezi tena kuomba. Alhamisi tunaenda kwake na ibada

mzee_wa_mtaa (Kibosho, Moshi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Katika mtaa wetu kuna mama amefiwa na mume, matanga yameanuliwa wiki tatu zilizopita. Watoto watatu, wawili wapo shule. Kuna deni la kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) na mkopo wa benki aliouacha marehemu. Kanisani haji tena. Anasema akipiga magoti maneno hayatoki. Ibada ya nyumba kwa nyumba ya Alhamisi hii iko kwake. Tusome nini, tuseme nini, na tujihadhari na nini? Naomba mambo ya kufanya, kutiwa moyo tu hakutoshi.

mwinjilisti_mstaafu
Asifiwe milele, mzee wangu. Kwanza punguza watu. Mkienda kumi na tano atalazimika kuwa mwenyeji, atahangaika na viti na chai. Nendeni wanne, na wawili wawe wanawake anaowazoea. Ibada isizidi dakika ishirini.

Msianze na Warumi 5 ("dhiki huleta saburi") wala Yeremia 29:11 ("mawazo ya amani wala si ya mabaya"). Najua ndiyo mistari inayokimbiliwa. Lakini Yeremia 29 ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule unaopendwa, unawaambia watakaa huko miaka 70. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani. Ukimsomea mfiwa mstari wa 11 peke yake, anasikia kwamba mambo yatanyooka mwezi ujao. Yasiponyooka, anahesabu kuwa Mungu amemdanganya, au imani yake ndiyo mbovu.

Anzeni na Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Katika miwili ya kwanza "hata lini" limetajwa mara nne. Isomwe polepole, halafu irudiwe, na wa pili kusoma awe mwanamke. Kisha mnyamaze kabisa, dakika mbili kamili mkiangalia saa. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu ukimya unatutisha, mtu anadakia kwa pambio. Acheni. Baada ya hapo mwulizeni kwa upole: "Mama, 'hata lini' yako ni ipi?" Akisema ada ya shule, hiyo ndiyo sala yake ya siku hiyo. Akisema hana la kusema, inatosha. Mmoja amwombee kwa sentensi nne au tano, akitaja kile kile alichokisema na si kingine.

Wiki ya pili, Yohana 11:17-36. Ya tatu, Zaburi 42 na 43 kwa pamoja. Lile swali la nafsi kuinama linarudi mara tatu, kwa hiyo hata mwenyewe ataona kwamba mtu wa Mungu alijiuliza jambo moja tena na tena bila kukemewa. Warumi 5 ije baadaye sana, na ikiwezekana aichague yeye.

katekista_kilema
Tumsifu Yesu Kristu. Nakubaliana na mwinjilisti, naongeza kuhusu kutoweza kuomba. Msimwambie ajilazimishe. Somo lake ni Marko 2, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne. Maandiko yanasema Yesu aliiona imani *yao*. Kwa sasa yeye ndiye aliyelala kitandani na ninyi ndio wabebaji. Mwambieni hivyo waziwazi: "Mama, kwa wiki hizi tutaomba sisi, wewe kaa tu." Utaona mabega yanashuka. Kwetu jumuiya hupangiana zamu, kila jioni nyumba moja inamtaja kwa jina. Nanyi mnaweza, bila kumpa mzigo wa kuhudhuria.

mweka_hazina
Mzee, kuhusu deni. Tumaini bila hesabu halikai. Kabla ya yote ulizeni benki kama mkopo ule ulikuwa na bima. Mikopo mingi hukatiwa bima siku ya kuchukuliwa, na mkopaji akifariki bima ndiyo hulipa. Wajane wengi huendelea kulipa kwa kutokujua. Atahitaji cheti cha kifo, na muda wa kudai una kikomo, hivyo msingoje. Kama marehemu alikuwa akichangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), waulizeni kuhusu mafao ya wategemezi.

Kwenye kikoba, someni katiba yao. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba, tofauti na hisa. Aandike barua fupi ya kuomba rejesho lisogezwe, mmoja wenu aipeleke pamoja naye. Akiacha kwenda kwenye vikao kwa aibu, faini zinajilimbikiza.

Na tafadhali, mtu yeyote atakayekuja kumwambia "panda mbegu deni lifutike", yaani atoe sadaka ya fedha ili Mungu amlipie, mzuieni mlangoni.

nesi_soweto
Shikamoo mzee. Nimesoma nikiwa na wasiwasi kidogo. Mwulizeni usiku analalaje na anakula nini. Huzuni ya wiki tatu ni ya kawaida. Ila kama kwa zaidi ya wiki mbili halali, hali, haogi, au wakati wowote akisema "heri nimfuate", hilo linahitaji hospitali sambamba na maombi. Hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi zote zinahudumia afya ya akili. Mwulizeni moja kwa moja kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe siku hiyo hiyo. Na jambo ambalo huku kwetu kwenye kahawa tunalisahau: dawa za kunyunyizia shambani zitoke nyumbani kwake leo, zikae kwa jirani.

mzee_wa_mtaa
Asanteni sana, marahaba mwanangu nesi. Swali moja: akituuliza kwa nini Mungu amemchukua, tujibu nini?

mwinjilisti_mstaafu
Msijibu, mzee. Ndiyo maana nimesema Yohana 11. Martha na Mariamu walimwambia Yesu maneno yale yale: kama ungalikuwapo, ndugu yetu hangalikufa. Martha alijibiwa kwa maneno. Mariamu alijibiwa kwa machozi. Tazameni mama huyu anauliza kama nani. "Mungu amempenda zaidi", "usilie", "ni mpango wake": maneno haya matatu yasitamkwe nyumbani humo. Semeni "hatujui, na tunalia pamoja nawe". Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo huduma nzuri waliyoifanya. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu.

mama_mtori
Baba, Elia alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Basi nanyi msiende mikono mitupu. Pikeni mtori: nyama ya mifupa nusu kilo ichemke mpaka ilainike, ndizi mshare nane mpaka kumi ziivie kwenye supu ile ile pamoja na kitunguu, mtoe mifupa, mponde kwa mwiko, muongeze supu mpaka uwe wa kunyweka. Mfiwa kutafuna kunamshinda, lakini kikombe cha moto atakishika. Mpeni kabla ya kufungua Biblia.

Tena wekeni zamu ya Jumanne na Ijumaa kwa miezi mitatu, watu watatu tu, majina yaandikwe. Na Desemba, magari ya kutoka Dar yakianza kupanda mlimani na kila boma lina wageni, siku hizo zipangeni mapema: nani atakuwa kwake mkesha wa Krismasi, nani atatembea naye kwenda kanisani.