Kipimajoto kinasoma nyuzi 3 lakini bonde jeupe: nipande viazi au nisubiri?

Mpima_Baridi: Wakuu, nipo Makete, jirani na Kitulo. Mambo ya hali ya hewa nayapenda tangu shuleni, kila alfajiri naandika joto kwenye daftari. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri juu ya nyasi, ya Juni na Julai tumeizoea. Sasa Agosti inaisha, mchana jua linachoma, usiku baridi kuliko Julai. Jana alfajiri bonde lote jeupe, nyasi ukizikanyaga zinavunjika, ndoo ya nje imeshika utando wa barafu. Kipimajoto: nyuzi 3. Majirani wanasema ni theluji. Nipande viazi vya vinyungu (vile vya bondeni wakati wa kiangazi) sasa au nisubiri? Usingizi sipati.

Mgumu_Mstaafu: Theluji ninaijua, nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Kambi ya Barafu unaamka hema limeelemewa. Kuna mgeni mmoja alilia akitaka kurudi, nikamvisha soksi zangu, tukafika naye kileleni. Hadi leo ananisalimia kila Krismasi.

Wa_Nyahururu: Huku kwetu Kenya 2008 mlima uligeuka mweupe, watu wakaokota kwa mikono wakisema theluji. Wataalamu wakaja wakasema ni mvua ya mawe iliyoshikana. Hakuna aliyewaamini.

Bi_Shamba: Mwanangu, unauliza upande au usubiri. Hujapanda kweli?

Mpima_Baridi: Mama, suala kubwa ni kama hii ni theluji.

Bi_Shamba: Nimekuuliza la mbegu.

Mpima_Baridi: Zipo ardhini tayari. Bondeni. Ila nilipiga hesabu: daftari langu linaonyesha misimu iliyopita sakitu haikuvuka katikati ya Agosti. Na anayevuna mapema ndiye anayekuta bei.

Nasaha_Bure: Mtaji ulitoka wapi?

Mpima_Baridi: Kikoba cha mama watoto. Anajua nimelima, hajui ni bondeni.

Nasaha_Bure: Hapo ndipo penye baridi yenyewe. Hela ya mwanamke uiingize kwenye bonde la sakitu bila kumwambia? Zungumza na mkeo kabla hujazungumza na sisi.

Sina_Haraka: Wakinga na hela bwana! Viazi vikigoma uza barafu Dar.

Haki_Ya_Picha: Wakuu, tunapigwa. Maji yanaganda kwenye sifuri, tulifundishwa shule ya msingi. Huyu ana nyuzi 3 na ndoo ya barafu. Picha hakuna. Chai hii.

Sina_Haraka: Na ilivyokolea tangawizi!

Mpima_Baridi: Simu yangu haina kamera nzuri. Sina faida yoyote kudanganya.

Anga_Safi: Si chai. Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake kuelekea juu, na hewa inayogusa nyasi ndiyo inapoa kwanza. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kulala bondeni. Usawa wa kifua nyuzi 3, kwenye majani chini ya sifuri, inatokea sana. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Sakitu hujijenga palepale, kwa unyevu wa hewa unaogandia juu ya jani. Na mchana mkali na usiku mkali chanzo chake ni kimoja: anga kavu. Mkuu, kipimajoto umekitundika wapi?

Mpima_Baridi: Ukutani mwa jiko, chini ya paa, jua lisikifikie.

Anga_Safi: Ukuta wa jiko unatunza joto la moto wa jioni. Daftari lako lote ni la jikoni, si la bondeni.

Mpima_Baridi: Nikikihamisha, rekodi za nyuma sitaweza kuzilinganisha na za sasa. Hapo hakitoki.

Anga_Safi: Kiache. Nunua cha pili, kiweke bondeni usawa wa majani.

Haki_Ya_Picha: Mimi bado nasubiri picha.

Bi_Shamba: Tuachane na picha. Viazi vimechomoza?

Mpima_Baridi: Vimechomoza, vina majani mawili matatu. Baadhi ncha zimekuwa nyeusi. Kung'oa sing'oi.

Bi_Shamba: Nani kasema ung'oe? Mbegu ikiwa nzima chini itatoa chipukizi jingine, utachelewa tu. Mwagilia mchana, udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu. Jioni pandishia udongo ufunike majani yote. Ukiona wingu limetanda usiku, lala.

Mpima_Baridi: Shamba zima siwezi kwa jioni moja, mama.

Bi_Shamba: Anza na matuta ya chini, ya karibu na mto. Na umchukue mkeo, mikono minne inafika mbali.