Fatuma Salim: jina hili liandikweje kwa herufi za Kijapani?

Swali (Fatuma S.)

Habari zenu. Najifunza Kijapani, na sasa natakiwa kujaza fomu ya maombi ya masomo ambayo ina sehemu ya kuandika jina kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za sauti. Mwalimu wangu ameliandika jina langu la kwanza ファトゥマ, programu ya simu imenipa ファツマ ("Fatsuma"), na mwanafunzi mwenzangu anashikilia kuwa ni ファトゥーマ, kwa sababu mkazo wa jina unaangukia silabi ya kati. Je, lipo moja lililo sahihi, au yote yanakubalika? Ningependa pia kujua kama inafaa nitafute kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zenye maana nzuri, kwa kuwa nimeona watu wakiandikiwa majina yao hivyo.

Jibu (Mkalimani)

Dada Fatuma, katakana ndiyo mwandiko wa kawaida wa majina ya kigeni, nayo hufuata sauti ya jina, si herufi zake za Kilatini. Tofauti ya mwalimu na programu inatokana na safu ya T katika kana (herufi za sauti), ambayo husomeka ta, chi, tsu, te, to. Ndani yake hamna "tu". Zamani waandishi walichukua ツ, yaani "tsu", kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mwaka 1991 Baraza la Mawaziri la Japani lilitoa mwongozo wa kuandika maneno ya kigeni wenye majedwali mawili, na トゥ imo katika jedwali la pili, linalotumika pale mtu anapotaka kuikaribia zaidi sauti ya asili. Huandikwa kwa ト ya ukubwa wa kawaida ikifuatwa na ゥ ndogo, na udogo huo si pambo: ukiiandika kubwa, msomaji atatamka "to-u", silabi mbili. Kwa hiyo mwandiko wa mwalimu wako ndio unaokaribia zaidi matamshi yako, ingawa ule wa programu nao unaeleweka.

Salim ni サリム. Kwa kuwa Kijapani hakifungi silabi kwa M, hupewa irabu, hivyo Salim na Salimu huandikwa sawasawa. L na R pia huingia katika safu moja, na hilo halina dawa. Kati ya majina mawili weka nukta ya katikati: ファトゥマ・サリム.

Jibu (Msomi wa Fonetiki)

Naongezea kuhusu kile kistari cha ファトゥーマ. Alama ー huonyesha irabu ndefu, na katika Kijapani urefu wa irabu hubadili neno, kwa hiyo haifai kuitia kila panapokuwa na mkazo. Mfano mzuri ni Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, ambaye Wajapani humwandika ジュマ・イカンガー. Mkazo wa "Juma" uko kwenye "ju", lakini hapana kistari. Kimewekwa mwishoni mwa Ikangaa, penye irabu mbili. Vivyo hivyo Wangari Maathai ni ワンガリ・マータイ: "aa" imepata kistari, na "th" imekuwa T tu. Hata hivyo, nakubali kwamba Mjapani anayekusikia ukijitaja huenda akaandika ファトゥーマ, maana mkazo wetu huirefusha irabu kidogo, na hilo masikio yake hulinasa. Mwenzako, basi, hakukosea kusikia. Ila mimi nisingekiweka.

Jibu (Mzee wa Kanji)

Binti yangu, kuhusu kanji nakushauri usiharakishe. Ukizichagua kwa sauti, kila moja huja na maana yake, utake usitake. Donald Keene, mtaalamu wa fasihi ya Kijapani, alijiandikia 鬼怒鳴門, kwa sauti ya jina lake, kwa kujifurahisha. Kanji ya kwanza ni "zimwi" na ya pili ni "hasira". Alifanya hivyo akijua, ilhali mgeni anayeandikiwa na mtu asiyemjua hana namna ya kukagua. Na alipopata uraia wa Japani mwaka 2012, jina lake rasmi lilikuwa la katakana, ukoo ukitangulia. Mwandishi Lafcadio Hearn ndiye aliyechukua jina kamili la kanji, 小泉八雲 (Koizumi Yakumo), lakini hilo lilikuwa jina jipya kabisa, lenye ukoo wa mkewe, alipopata uraia mwaka 1896. Kwa muhuri au zawadi, kanji hazina ubaya. Katika fomu, andika katakana.

Fatuma S.

Nawashukuru nyote, nitaandika ファトゥマ・サリム. Je, nyaraka nyingine nazo zitahitaji katakana?

Jibu (Mkalimani)

Kadi ya ukaazi kwa kawaida hubeba jina kwa herufi za Kilatini, kama lilivyo katika pasipoti. Katakana utaikuta zaidi benki, na huko uwe makini, kwa sababu anayekutumia fedha ndani ya Japani hutaja jina la mwenye akaunti kwa katakana. Mwandiko utakaoutoa siku ya kufungua akaunti ndio mpe kila atakayekulipa, herufi kwa herufi.