Mrejesho: mbio za ramani na dira hifadhini

Wakuu, niliuliza nifanyeje nisipotee kwenye mbio za klabu za kutafuta vituo kwa ramani na dira, ndani ya hifadhi, mara yangu ya kwanza. Asanteni sana. Sikupotea. Sana.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kidole gumba: nilikibandika pale nilipo kwenye ramani na kukisogeza kila nikisogea, ramani yenyewe nikiigeuza ielekee kaskazini. Skeli ilikuwa 1:10,000, yaani sentimita 1 ni mita 100, na hatua zangu za mita 100 nilishazihesabu mapema kama mlivyosema. Vituo vinne vya kwanza, rahisi kabisa.

Cha tano kikanitoa jasho. Nilikatiza kichakani badala ya kufuata kijito (mlinionya!), nikaona bendera ya kituo, ya chungwa na nyeupe, nikaikimbilia. Namba ya kituo 47. Karatasi yangu ya orodha ya vituo inasema 44, yaani si kituo changu. Ikabidi nirudi hadi kijitoni nianze upya. Dakika 15 zikayeyuka.

Mistari ya miinuko (ile ya kwenye ramani inayoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka) bado inanipiga chenga: nilichodhani kilima kilikuwa bonde. Nimemaliza wa tatu kutoka mwisho, vituo vyote 10 vimo. Aliyesema nivae suruali ndefu, ubarikiwe. Miiba ile haina utani.