Msaada: nina haki zote lakini OpenSearch inanigomea kufuta indeksi

Mchwa wa Seva: Wakuu, heshima kwenu. Nina klasta ya OpenSearch (programu ya kuhifadhi na kutafuta data) ofisini, nodi 3, yaani seva tatu zinazofanya kazi pamoja. Naingia kwa akaunti ya admin yenye all_access, lakini nikifuta indeksi (fungu la data) ya .opendistro-alerting-config napigwa 403, yaani "huna ruhusa". Nifanyeje? Ni haraka.

Kobe Mzee: Hiyo ni indeksi ya mfumo, all_access haifui dafu hapo. Angalia faili la mipangilio, opensearch.yml, utaikuta kwenye plugins.security.system_indices.indices. Anayepita ni mwenye cheti cha kidijitali kilichotajwa kwenye admin_dn, humo humo. Unaifuta ya nini?

Mama Chapati: Kwetu kijana wa IT alifuta "vitu vya mfumo" apate nafasi kwenye diski. Mwezi ule mishahara tulilipana kwa daftari.

Mchwa wa Seva: Nafasi ninayo. Nimeshaandika system_indices.enabled: false (kuzima ulinzi huo) kwenye nodi moja, usiku naizima na kuiwasha. Moja inatosha au zote?

Kobe Mzee: Hujajibu swali.

Mchwa wa Seva: Kuna monita ya tahadhari aliiacha jamaa aliyehama. Inamtumia bosi ujumbe saa nane usiku.

Kobe Mzee: Ujumbe wa nini?

Mchwa wa Seva: Watu kukosea nywila. Kelele tu mkuu. Bosi akiamshwa, simu inakuja kwangu.

Shemeji wa Tabata: Zima simu ulale 😂

Pilipili Kichaa: Hii chai. Mtu anakosea nywila usiku wa manane, mwingine anataka kengele ifutwe "haraka"? Mkosea nywila ni wewe. Mods, fungeni uzi.

Mchwa wa Seva: Ningekuwa mwizi ningetumia ID hii hii ninayouzia pikipiki humu?

Kobe Mzee: Mwizi au la, indeksi usiiguse. Rudisha true. Monita hufutwa kwa DELETE _plugins/_alerting/monitors/ na id yake mwishoni. Programu ya tahadhari itaingia yenyewe kwenye indeksi. Halafu soma admin_dn. Ukikuta CN=kirk, hicho ni cheti cha demo. Ufunguo wake unakuja na programu, kila aliyeipakua anao, na yeye hapigwi 403.

Mchwa wa Seva: Ni kirk.

Pilipili Kichaa: Na 9200, mlango wa kuingilia OpenSearch?

Mchwa wa Seva: Iko wazi mtandaoni. Ilikuwa ya muda tu, kuna mteja alitaka kuona data.

Kobe Mzee: Basi monita usiifute. Funga 9200 sasa hivi, utengeneze vyeti vyenu, ndiyo urudi hapa.

Shemeji wa Tabata: Pikipiki bado ipo?