Mrejesho: pawa saplai imetii amri za volti

Wajameni, ahsanteni. Niliuliza kwa nini pawa saplai ya karakana yetu hapa Changamwe inajibu *IDN? (amri ya kompyuta inayouliza kifaa ni kipi) vizuri, lakini nikituma VOLT 12, yaani volti 12, mita inabaki sifuri. Kaka aliyesema VOLT hupanga kiwango tu, haiwashi njia ya kutokea, alipatia. Nimeongeza OUTP ON, amri ya kuwasha njia hiyo, mita ikapanda papo hapo.

Dawa hasa ni SYST:ERR?, amri inayouliza kifaa kimeona kosa gani. Kwenye programu ya zamani ilirudisha -113, yaani amri haitambuliki: kulikuwa na VOLTA. SCPI, kanuni za tangu 1990 za kuandika amri za vifaa kama hivi, hukubali VOLT au VOLTAGE, katikati hakuna. Herufi kubwa au ndogo, haijali.

Sasa natanguliza CURR 0.5, yaani kikomo cha mkondo cha ampea 0.5, kabla ya OUTP ON. Bodi za wateja hizi, zikiungua nani atalipa?