Orange County: wapiga kura wamehama chama, au wamemsusa mgombea?

Mleta mada
Wakuu, kuna mmoja wetu kasema vitongoji vya matajiri Marekani "vimeshachukuliwa" na Democratic, basi, kesi imefungwa. Sikubali, na mfano wangu ni Orange County, kusini mwa Los Angeles. Kuanzia 1940 hadi 2012, chaguzi 19 za urais, Republican hawakushindwa pale hata mara moja. Hata 1964, mgombea wao Goldwater alipogaragazwa nchi nzima, pale alishinda. Rais Nixon, wa Republican, kazaliwa humo, Yorba Linda. Mwaka 1984 Reagan alizoa karibu robo tatu ya kura. Halafu 2016 ngome ikaanguka: Hillary Clinton akawa Mdemocrat wa kwanza kuichukua tangu Roosevelt mwaka 1936.

Ila tazameni 2020. Biden kashinda kaunti kwa pengo la kama asilimia 9, na siku hiyohiyo Young Kim na Michelle Steel wakawarudishia Republican viti viwili vya Baraza la Wawakilishi walivyovipoteza 2018. Aliyehama chama hapigi kura hivyo. Huyo kasusa mgombea tu, yaani Trump.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, unaanzia 2016 kana kwamba kitu kilidondoka kutoka mbinguni. Anzia 1994. Mwaka ule California ilipitisha Pendekezo namba 187, la kuwanyima wahamiaji wasio na vibali shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama ililizuia, sawa, lakini watu wa Santa Ana, mji wa humo wenye wahamiaji wengi, walishasikia wanavyosemwa. Waliokuwa na sifa wakaomba uraia, wakajiandikisha. Mwaka 1996 tu, Loretta Sanchez wa Democratic akamng'oa mbunge wa Republican, Bob Dornan, kwa pengo la kura zisizofika 1,000. Trump alikuwa wapi? Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Pendekezo 187 alikuwa na miaka 22 Clinton alipoichukua kaunti. Piga hesabu mwenyewe.

Na wale wazee wa viwanda vya ndege na silaha, waliojaa pale enzi za Vita Baridi? Kazi zilipopungua miaka ya 1990 wengi walifungasha. Ndiyo maana kufikia Agosti 2019 waliojiandikisha kama Wademocrat waliwapita Warepublican. Kujiandikisha si hasira ya siku moja, mkuu.

Mchangiaji wa pili
Kura za urais California zinajumlishwa jimbo zima. Kaunti moja itabadilisha nini?

Mchangiaji wa kwanza
Kwa urais, hakuna. Kwa Bunge, viti vya huko vinaweza kuamua nani ashike usukani. Tuendelee.

Mchangiaji wa tatu
Mimi naishi Garden Grove, jirani na Little Saigon, mtaa wa Wavietnamu, na naomba msiwatie wahamiaji wote kapu moja. Wazee wa Kivietnamu waliowakimbia wakomunisti baada ya 1975 wengi wao ni Republican kwelikweli. Ukiwagusia ujamaa, chai haitanyweka. Watoto wao ni habari nyingine. Mwaka 2024 Derek Tran, mtoto wa wakimbizi hao, alisimama kwa Democratic akamtoa Michelle Steel kwa pengo la kura 653. Lakini mwaka huohuo Kamala Harris wa Democratic aliishinda kaunti kwa pengo lisilofika asilimia 3, na mpinzani wake alikuwa Trump yuleyule. Sasa mleta mada, aliyesusa mgombea mbona karudi kwake?

Mleta mada
Hapo umenibana, sikatai. Kama tatizo lingekuwa Trump peke yake, pengo lisingepungua naye akiwa bado kwenye karatasi ya kura. Naondoa neno "tu" kwenye hoja yangu, mengine yanabaki. Ila na wewe wa 187 una deni. Kama ni suala la nani amezaliwa na nani amefungasha, kizazi kile kimezidi kukua na wazee wamezidi kupungua, kwa hiyo pengo lilipaswa kupanuka. Kutoka 9 hadi chini ya 3 kwa miaka minne, ni nani aliyefungasha hapo? Nasubiri.