Tupeane uzoefu: dawa na padi za kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya gari

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na majirani, gari langu ni jeusi na jua likiwaka linaonyesha mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Vijana wa kuosha tambara ni lilelile, rimu na boneti. Ulianza na dawa ipi, padi ipi (ile ya sponji au manyoya inayofungwa kwenye mashine ya kung'arishia), na rangi iliitikiaje?

Fundi, Mwanjelwa
Watu huniuliza jina la chupa, wakati padi ina umuhimu kuliko chupa. Dawa hiyohiyo ukiiweka kwenye padi ya manyoya inakula rangi, kwenye sponji laini inang'arisha. Kila gari naanza na kipande kidogo cha kujaribia: sponji ya ugumu wa kati na polishi laini. Mikwaruzo ikitoka, kwa nini niongeze ukali? Isipotoka, nabadilisha padi kwanza, dawa baadaye. Manyoya nayaweka kwa rangi iliyopigwa msasa namba 2000, tena baada ya kuilainisha kwa 3000. Halafu msiamini rangi ya sponji. Rangi moja kwa kampuni hii ni ya kukata, yaani kula rangi ya gari, kwa ile ni ya kumalizia.

Mdau wa Uyole
Fundi kasahau mashine. Ya kuzunguka tu inakata haraka, ila inapasha bodi joto na huacha mawimbi utakayoyaona juani. Ya kuzunguka huku ikitikisika inachelewa, lakini mtu anayejifunza aanze nayo. Jirani yangu alipata mtu aliyefunga padi kwenye grainda ya kukatia chuma! Grainda ndogo inakimbia kama mizunguko 11,000 kwa dakika. Kwa rangi, 1,000 hadi 1,500 inatosha kazi nyingi. Rangi ya kona ya mlango ikatoka hadi praima, ile rangi ya chini kabisa. Mimi kona zote nazibandika tepu ya karatasi.

Dada wa Ipogolo
Toyota yangu nyeupe ya zamani, padi iligeuka nyeupe pee. Fundi akanieleza haina kilia juu, yaani ule utando wazi unaofunika rangi, kwa hiyo ni rangi yenyewe inayotoka, kidogo kidogo, na ni kawaida. Ila kama gari lako lina kilia na padi imeanza kuchukua rangi, zima mashine. Kilia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 au 50 tu (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Mkwaruzo unaonasa ukucha mimi nauacha ulivyo.

Mdau wa Makambako
Huku upepo na vumbi, nafanyia ndani, bodi ikiwa imepoa. Juani dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Matone manne au matano kwa padi yanatosha, na naisugua kwa brashi kila nikimaliza paneli. Mwisho futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji: dawa nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, ukiosha gari mara mbili tatu yote imerudi.

Mleta mada
Na dawa ya meno? Naisikia sana.

Fundi, Mwanjelwa
Taa za mbele labda, nako haidumu. Kwa rangi nyeusi, hapana.

Mleta mada
Sawa mkuu. Gari zima ni bei gani?

Fundi, Mwanjelwa
Lilete likiwa limeoshwa na kukauka. Bei nitakutajia nikishajaribu kipande, kabla ya hapo ni kubahatisha tu.